Kimbunga kimepita na nyumba haikaliki: namna ya kupata makazi, kazi na fedha za msaada Marekani

Marekani haina ofisi moja inayomshika mkono mtu aliyepigwa na kimbunga, kuanzia paa lililong'oka hadi mshahara uliokatika. FEMA, shirika la kukabili majanga, ni ya serikali kuu, SBA, shirika la biashara ndogo, inakopesha, ofisi ya kazi ni ya jimbo, na mbali na hizo kuna kampuni ya bima, Msalaba Mwekundu, makanisa na misikiti. Kila mlango una fomu yake na tarehe yake ya mwisho, na mara nyingi mlango mmoja unadai karatasi iliyoko kwa mwingine. Wengi wanaokosa msaada walistahili kabisa. Walichelewa, au walianza mahali pasipo, au walisoma barua ya kwanza ya kukataliwa wakakunja mikono.

Maelezo haya ni ya msomaji anayeishi kwenye ukanda wa vimbunga, kuanzia Texas na Louisiana hadi Florida na Carolina zote mbili, awe mpangaji au mwenye nyumba yake.

Kabla ya kutupa hata godoro

Piga picha. Nje ya nyumba pande zote nne, kisha kila chumba kutoka kwenye kona mbili, kisha alama ya maji ukutani ukiwa umeisimamishia futi ili kina kionekane. Piga pia kibandiko chenye namba ya kiwandani kwenye friji, jiko, mashine ya kufulia na kiyoyozi. Kata kipande kidogo cha zulia na cha ubao wa jipsamu, uviweke kwenye mfuko wa plastiki.

Ukishapiga picha, anza kukausha na kutoa vilivyolowa. Usikae ukimsubiri mkaguzi wa bima, kwa sababu kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na mikataba mingi ya bima inakutaka uzuie hasara isiongezeke. Ukiacha ukuta uoze wiki mbili, kampuni itasema kuvu ni uzembe wako. Tunza risiti ya kila kitu: turubai, pampu, dawa ya kuua kuvu, chumba cha hoteli, hata jenereta. Jenereta yenyewe ikae nje, umbali wa angalau mita 6 kutoka kwenye madirisha na milango. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya, na kila msimu huua watu waliokwisha kunusurika na upepo.

Kisha piga simu bima, kabla ya FEMA au siku hiyo hiyo. Sheria inaizuia FEMA kulipia kitu ambacho bima imelipia, kwa hiyo itataka kuona barua ya bima, iwe ya malipo au ya kukataa. Bima ya kawaida ya nyumba hulipa uharibifu wa upepo lakini hailipi mafuriko. Mafuriko yana bima yake, mara nyingi ile ya mpango wa serikali uitwao NFIP, ambao kwa nyumba ya familia hulipa hadi dola 250,000 za jengo na dola 100,000 za vitu vya ndani. NFIP inataka hati ya hasara iliyosainiwa ndani ya siku 60 tangu tukio, isipokuwa muda ukiongezwa rasmi. Aliye na bima zote mbili afungue madai mawili, kwa maana kampuni ya upepo itasema ni maji, na ya maji itasema ni upepo.

Mpangaji mwenye bima ya mpangaji aangalie kama mkataba wake una kipengele cha gharama za kuishi nje ya nyumba. Hicho hulipa hoteli na tofauti ya chakula, na wengi hawajui kwamba wanacho.

Kujiandikisha FEMA

Kwanza hakikisha kaunti yako imo. Rais anapotangaza janga kuna aina mbili za msaada: wa watu binafsi, na wa serikali za mitaa kwa ajili ya barabara na majengo ya umma. Kaunti inaweza kuwa kwenye orodha ya pili tu, na hapo ombi lako halitasonga. Ingiza anwani yako DisasterAssistance.gov uone. Louisiana hawasemi kaunti, wanasema parish. Orodha huongezwa kadiri tathmini inavyoendelea, kwa hiyo kaunti ambayo leo haimo, angalia tena baada ya siku chache.

Unaweza kujiandikisha kwenye tovuti hiyo, kwenye programu ya simu ya FEMA, kwa simu 1-800-621-3362, au kwenye kituo cha msaada kinachofunguliwa maeneo yaliyoathirika. Ukihitaji mkalimani kwenye simu, taja Swahili kwa Kiingereza na usikate laini wakati wanamtafuta. Mtokaji wa Congo aseme wazi kwamba anataka mkalimani anayeelewa Kiswahili cha Congo. Usimtumie mtoto kutafsiri maswali ya bima na umiliki, kwa sababu jibu moja lililopotoka hubaki kwenye faili na huja kukuumiza baadaye.

Uwe na haya mkononi: namba ya Social Security ya mtu mmoja wa kaya, anwani ya nyumba iliyoharibika na ya unapolala sasa, simu inayopatikana, mapato ya kaya kwa mwaka, jina la kampuni ya bima, na namba mbili za benki, ile ya kuitambulisha benki na ile ya akaunti. Utapewa namba ya usajili yenye tarakimu tisa. Iandike mahali zaidi ya pamoja.

Muda wa kawaida ni siku 60 tangu tangazo la rais. Mara nyingi huongezwa, lakini kujiandikisha huku umetegemea nyongeza ni kucheza kamari.

Kuna sehemu nne ambazo watu huharibu ombi lao hapa.

Ya kwanza ni swali la kama nyumba yako ni salama kukaliwa. Mtu aliyezoea shida hujibu ndiyo kwa sababu bado analala sebuleni chini ya turubai. Jibu hilo linaweza kuzuia mkaguzi asitumwe kabisa. Kama paa linavuja, umeme wa ndani umeguswa na maji, au choo hakifanyi kazi, sema hivyo. Na kama ulisema ni salama, halafu ukagundua madhara baadaye, piga simu urekebishe. Usiongeze chumvi lakini, kwani fomu ile unaisaini chini ya adhabu ya sheria.

Ya pili ni anwani. Namba ya apatimenti au ya kiwanja cha nyumba ya kuhamishika ikikosekana, mfumo unaona watu watano wakiomba kwa mlango mmoja.

Ya tatu ni watu wengi kwenye nyumba moja. FEMA hupokea ombi moja kwa kaya, na mume na mke wakiomba kila mmoja kivyake, yote mawili husimamishwa. Lakini wapangaji wasio na undugu wanaochangia nyumba wanaweza kuomba kila mmoja kwa jina lake. Watarajie kuulizwa, na kila mmoja awe na mkataba, risiti ya kodi au bili yenye jina lake.

Ya nne ni simu. Mkaguzi hupiga kutoka namba usiyoijua. Asipokupata baada ya majaribio kadhaa, ombi linaweza kufungwa. Pokea simu zote kwa wiki hizo, na hakikisha kisanduku cha ujumbe hakijajaa. Mkaguzi wa kweli huvaa kitambulisho chenye picha, tayari anayo namba yako ya usajili, na haulizi namba ya benki wala haombi hata senti. Anaandika alichokiona tu, hana uwezo wa kukubali au kukataa. Mwoneshe kila kitu, pamoja na dari, chini ya sakafu na kisima kama maji yako ni ya kisima.

Kuhusu kiasi: kuna fedha ya mahitaji ya haraka, kwa ajili ya chakula, maji, maziwa ya mtoto na mafuta ya gari. Kwa majanga yaliyotangazwa kuanzia Oktoba 1, 2024 ilikuwa dola 770 kwa kaya, na kiwango hurekebishwa kila Oktoba. Baada ya Kimbunga Helene cha Septemba 2024, wakati ilikuwa dola 750, ulienea uvumi kwamba hizo ndizo zote na kwamba ni mkopo. Hakuna ukweli hapo. Ni malipo ya mwanzo na hayarudishwi. Baadaye huja ya kodi ya nyumba, ya matengenezo, ya vitu vya ndani, ya gari, ya matibabu na hata ya mazishi, kila moja kwa uchunguzi wake. Kikomo kwa majanga ya kuanzia hiyo Oktoba 1, 2024 kilikuwa dola 43,600 za makazi na nyingine 43,600 za mahitaji mengine. Hicho ni kikomo, na wengi hupata pungufu kwa mbali, kwa sababu FEMA inalipa nyumba iwe salama kukaliwa, hairudishi nyumba ilivyokuwa.

Makaratasi ya uhamiaji

Fedha taslimu za FEMA ni za raia, na za wale ambao sheria inawaita wageni wenye sifa: mwenye grini kadi, mkimbizi aliyepokelewa rasmi, aliyepewa hifadhi ya ukimbizi (asylum), na makundi mengine machache. Mwenye TPS tu (kibali cha ulinzi wa muda), mwanafunzi wa viza ya F-1 au mtalii hayumo. Inatosha mtu mmoja wa kaya awe na sifa, hata kama ni mtoto mchanga aliyezaliwa Marekani na ana namba ya Social Security. Mzazi huomba kwa niaba yake.

Kuna tahadhari. FEMA iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, wizara ile ile yenye idara za uhamiaji. Kama ndani ya nyumba yuko mtu asiye na makaratasi, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuandika majina ya kaya. Huduma za bure za kisheria kwa waathirika wa majanga hupatikana kwa kuuliza kwenye kituo cha msaada au kupiga 211, namba ya simu ya huduma za kijamii.

Msaada usio wa fedha taslimu hauulizi hadhi: hifadhi ya muda, chakula, maji, matibabu ya dharura, ushauri wa kisaikolojia. Msalaba Mwekundu, namba 1-800-733-2767, hauulizi. Catholic Charities, Salvation Army na ICNA Relief huingia maeneo mengi ya vimbunga, na mara nyingi ndiyo yanayoziba pengo ambalo serikali haiwezi kuliziba.

Ukihama kwa sababu ya kimbunga, sheria inamtaka karibu kila asiye raia aiarifu USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11, ambayo ni ya bure. Mwenye kesi kwenye mahakama ya uhamiaji ana fomu nyingine, EOIR-33, ndani ya siku 5 za kazi. AR-11 haiiarifu mahakama. Watu hukosa wito kwa sababu hii, na jaji huweza kutoa amri ya kuondolewa nchini hata mhusika asipokuwepo.

Barua inaposema hustahili

Isome hadi mwisho. Neno hilo kwenye barua ya FEMA mara nyingi lina maana ya "karatasi moja inakosekana". Una siku 60 tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua, si siku uliyoipokea, kukata rufaa. Tazama sababu kisha ujibu hiyo tu. Bahasha yenye kurasa themanini zisizohusika inachelewesha.

Kama wanasema hawajathibitisha kwamba uliishi pale, tuma bili ya umeme au maji, mkataba wa kupanga, risiti za kodi, leseni ya udereva, hati ya shule ya mtoto au barua ya mwajiri yenye anwani hiyo. Karatasi iwe ya kabla ya kimbunga. Aliyepanga chumba kwa maneno tu aombe barua ya mwenye nyumba yenye majina ya wote wawili, anwani, kiasi cha kodi, tarehe alizoishi, simu na saini.

Kama ni umiliki, hati ya nyumba, taarifa ya mkopo wa nyumba au risiti ya kodi ya ardhi. Nyumba iliyorithiwa bila jina kubadilishwa ina njia yake: tangu 2021 FEMA imepanua aina za ushahidi inazokubali, na pale ambapo karatasi hazipatikani kabisa, inaweza kupokea maelezo ya maandishi ya mwenyewe.

Kama ni bima, tuma barua ya malipo au ya kukataa. Kama bima inakuchelewesha, andika hivyo na uambatishe namba ya madai.

Kama wanasema uharibifu hautoshi, hapa ndipo kazi ilipo. Unahitaji makadirio ya fundi, kila kipengele na bei yake, yenye jina, anwani na simu ya fundi, kwa sababu FEMA humpigia kuthibitisha. Makadirio ya mstari mmoja, "matengenezo ya paa na kuta dola 18,000", hayana thamani. Yaandikwe: futi za mraba za paa na bei, mbao za jipsamu ngapi, waya za umeme chumba gani, na kwa nini nyumba haiko salama bila kazi hiyo. Barua ya mkaguzi wa majengo wa mji inayokataza nyumba kukaliwa ina uzito kuliko picha mia.

Kila ukurasa uandikwe jina lako kamili, namba ya usajili, namba ya janga (huanza na DR, nayo imo kwenye barua) na anwani ya nyumba iliyoharibika. Pakia kwenye akaunti yako ya tovuti, kwani hapo unaona kilichofika. Mtu mwingine akikusaidia kuandika, weka idhini yenye saini yako. Unaweza pia kuomba nakala ya faili lako, na ni vizuri kufanya hivyo mapema, maana ndani yake utaona mkaguzi aliandika nini. Mara nyingi utakuta chumba kizima hakikuandikwa. Jibu la rufaa linaweza kuchukua hadi siku 90.

Pa kulala

Kwa usiku wa leo piga 211, au tuma ujumbe wenye neno SHELTER likifuatiwa na namba ya posta ya eneo lako kwenda 43362. Hifadhi za umma hazilipishi wala hazidai kitambulisho cha uraia.

Kwa wiki za mwanzo, jimbo likiomba, FEMA hulipa hoteli moja kwa moja kwenye mpango wa hoteli za muda. Usikodi chumba ukitegemea utalipwa tu. Uliza kwanza hoteli ipi imo kwenye orodha. Huo mpango hulipa chumba na ushuru wake, haulipi chakula wala maegesho. Anayelala kwa ndugu naye ana fungu la kuhama makazi, ambalo halidai hoteli, na wengi hawaliombi wakidhani kwamba kulala kwa shangazi ni kukosa haki.

Kwa miezi inayofuata kuna msaada wa kodi, unaopimwa kwa kodi ya kawaida ya eneo husika iliyowekwa na HUD, wizara ya nyumba. Malipo ya kwanza kwa kawaida ni ya miezi miwili. Yatumike kwa kodi, dipoziti, umeme, maji na gesi tu. Ukinunua televisheni, FEMA inaweza kudai fedha irudi. Tunza risiti miaka mitatu. Kuendelea kupata si jambo la kujiendea: unajaza fomu ya kuomba nyongeza, unaambatisha mkataba mpya, risiti za kodi na maelezo ya hatua unazochukua kupata makazi ya kudumu. Ukomo wa kawaida ni miezi 18 tangu janga litangazwe. Maeneo yasiyo na nyumba kabisa za kupanga, FEMA huweza kuleta trela au nyumba za kuhamishika, lakini hizo huchelewa, na hazipewi kila aombaye.

Mwenye vocha ya Section 8, ile ya serikali ya kusaidia kodi ya nyumba, aanze na ofisi iliyompa vocha. Inawezekana kuhamia nayo mji mwingine, ila ofisi lazima ikubali kwa maandishi kabla hujasaini mkataba huko.

Mpangaji ambaye nyumba imeharibika asiache kulipa kodi kimyakimya, kwani sheria hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Florida, sheria namba 83.63 inamruhusu mpangaji kuvunja mkataba na kuhama mara moja ikiwa uharibifu umemwondolea kwa kiasi kikubwa matumizi ya nyumba, au aache sehemu isiyofaa na kodi ipunguzwe kwa thamani ya sehemu hiyo. Texas ni kali zaidi: kifungu cha 92.054 kinaruhusu upande wowote kuvunja mkataba kwa barua ikiwa nyumba haikaliki kabisa, na mpangaji hurudishiwa dipoziti pamoja na kodi ya siku zilizobaki tangu alipohama. Lakini ikiwa ni sehemu tu iliyoharibika, punguzo la kodi linahitaji amri ya mahakama, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Popote ulipo, andika barua yenye tarehe, piga picha za nyumba tupu, rudisha funguo kwa risiti.

Unapotafuta nyumba mpya, usitume dipoziti kwa mtu anayesema yuko nje ya nchi na funguo zitakuja kwa posta. Tafuta anwani kwenye tovuti ya mthamini wa ardhi wa kaunti. Ni bure na huonesha jina la mmiliki. Jina lisipolingana, ondoka.

Kazi

Aliyeajiriwa na kazi imesimama aombe mafao ya kawaida ya ukosefu wa kazi kwenye ofisi ya jimbo alikokuwa anafanyia kazi, hata kama amekimbilia jimbo jingine. Asiyestahili hayo ndiye mlengwa wa mpango wa Disaster Unemployment Assistance. Huo hulipa hadi wiki 26 tangu tangazo la janga, na unawachukua wale ambao mafao ya kawaida huwaacha nje: dereva wa Uber, msusi anayejitegemea, mwenye mkokoteni wa chakula, aliyekuwa aanze kazi mpya wiki ile, aliyeumizwa na kimbunga, na aliyebaki kuwa mlezi wa kaya kwa sababu mlezi alikufa. Sharti mojawapo ni ruhusa ya kufanya kazi Marekani.

Kwa kawaida utaanza kwa kuomba mafao ya kawaida, ukataliwe, ndipo ofisi ikupeleke kwenye mpango huu. Kukataliwa huko ni hatua ya safari, kwa hiyo usiondoke kwenye foleni. Baada ya kuomba una siku 21 za kuwasilisha ushahidi wa kazi na mapato. Aliyejiajiri atumie ritani ya kodi yenye ukurasa wa Schedule C (wa mapato ya biashara), fomu za 1099 (za malipo uliyopokea) au taarifa za benki. Ambaye hakutangaza mapato yake kodini atalipwa kiwango cha chini au atakosa kabisa. Kila wiki au kila wiki mbili, kadiri jimbo linavyotaka, unathibitisha kwamba bado huna kazi, na wiki usiyoithibitisha hailipwi.

Wakati huo huo nenda American Job Center iliyo karibu, namba ya kuuliza ni 1-877-872-5627. Baada ya majanga makubwa, serikali kuu hutoa ruzuku zinazolipa mishahara ya kazi za muda, kama kusafisha, kugawa misaada na kusaidia kwenye hifadhi, na watu huajiriwa kupitia vituo hivi. FEMA yenyewe huajiri wenyeji kwa siku 120, ila nafasi hizo ni za raia tu. Wakandarasi wa kuondoa vifusi huhitaji madereva wenye leseni ya CDL, ya magari makubwa, kuliko watu wa nguvu.

Vibarua vya kubomoa kuta zilizolowa vipo kwa wingi na hulipwa taslimu, na ndivyo vyenye hatari zaidi. Nyumba za zamani zina rangi yenye madini ya risasi na vigae vyenye asbesto, na kuvu huharibu mapafu. Dai barakoa ya N95, glavu, miwani na buti kabla ya kuingia. Andika kila siku saa ulizofanya, anwani ya nyumba, jina la msimamizi na namba ya gari lake, na upige picha ya gari. Sheria ya kima cha chini na ya malipo ya mara moja na nusu baada ya saa 40 kwa wiki inamlinda na asiye na makaratasi. Malalamiko ya mshahara hupelekwa Wizara ya Kazi, 1-866-487-9243.

Fedha nyingine

SBA, licha ya jina lake la biashara ndogo, hukopesha pia watu wa kawaida: mwenye nyumba hadi dola 500,000 za kutengeneza makazi yake, na mwenye nyumba au mpangaji hadi dola 100,000 za vitu vya ndani na gari. Riba kwa asiyeweza kukopa kwingine haizidi asilimia 4, na muda unafika miaka 30. Zamani ilibidi uombe SBA na ukataliwe ndipo FEMA ilipie baadhi ya vitu. Sharti hilo liliondolewa Machi 2024, ingawa utakuta watu bado wanalihubiri. Pia kaunti isiyo na tangazo la rais inaweza kuwa na tangazo la SBA peke yake, basi angalia. Ni mkopo lakini, na kwa kaya iliyokuwa inahemea kabla ya kimbunga, deni jipya si msaada.

Anayepokea SNAP (msaada wa chakula wa serikali) na chakula kikaharibika kwa kukatika umeme aombe kurudishiwa. Muda wa kawaida ni siku 10, na majimbo mara nyingi huomba uongezwe. Asiyepokea SNAP asubiri D-SNAP, msaada huo wa wakati wa majanga, ambayo jimbo hufungua baada ya maduka na umeme kurudi, mara nyingi kwa siku saba hivi tu. Vigezo vyake vya mapato ni vya juu kuliko kawaida, kwa hiyo mwenye mshahara asijiondoe mwenyewe.

Mwenye mkopo wa nyumba apige simu kwa kampuni inayokusanya malipo kabla hajaruka mwezi. Mikopo ya nyumba ya FHA, inayodhaminiwa na serikali, iliyo eneo la janga hupata siku 90 za kusitishwa unyang'anyi wa nyumba, na mingi mingine huruhusu malipo kusimamishwa hadi miezi 12. Swali la kuuliza ni moja: miezi hiyo nitailipaje? Kama jibu ni kwa mkupuo mmoja, kataa, uombe isogezwe mwisho wa mkopo, kisha upate jibu kwa maandishi.

Aliye na akaunti ya 401(k), akiba ya uzeeni, anaweza, kama mpango wa mwajiri wake unaruhusu, kutoa hadi dola 22,000 ndani ya siku 180 bila adhabu ya asilimia 10. Kodi ya mapato hugawanywa kwa miaka mitatu, na fedha inaweza kurudishwa ndani ya muda huo. Hasara isiyolipwa na bima hupunguza kodi kupitia fomu 4684, nawe unaruhusiwa kuidai kwenye ritani ya mwaka uliotangulia, njia inayoleta fedha mapema.

Usimlipe fundi yote mbele, wala usisaini karatasi inayomkabidhi madai yako ya bima. Ukikuta mtu ameshajiandikisha FEMA kwa namba yako, ripoti 1-866-720-5721 na uiambie FEMA siku hiyo hiyo, ili ombi lako lisikataliwe kama nakala.

Na kama nyumba yako iko kwenye ukanda rasmi wa mafuriko na FEMA imekulipa matengenezo ya maji, sasa unalazimika kuwa na bima ya mafuriko. Ukiiacha ikatike, mafuriko yajayo FEMA haitakulipia vile ambavyo bima hiyo ingelipa. Bima mpya ya NFIP kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, na msimu wa vimbunga huanza Juni 1, kwa hiyo inunuliwe kabla Aprili haijaisha.